Gari Lenye Dirisha

Kwa miaka mingi niliamini kwamba karatasi isiyo na muhuri ni karatasi tupu, hata iwe imeandikwa pande zote mbili. Serikali ndiyo iliyonifundisha hivyo. Niliendesha magari ya wizara moja kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kupewa hata kopo la grisi bila karatasi, wala karatasi bila muhuri. Kwa hiyo nilipostaafu na kufungua shule ndogo ya udereva mjini Lodwar, kitu cha kwanza nilichotafuta hakikuwa gari. Nilikwenda Kitale nikachongewa muhuri. Ulikuwa wa mviringo, wa wino wa zambarau, na katikati fundi alichora usukani uliotoka vibaya ukafanana na chapati iliyokatwa vipande vinne. Niliupenda hivyo hivyo. Nautaja hapa mwanzoni kwa sababu kosa nitakalolieleza nililifanya nikiwa nao mkononi.

Turkana sikuja kwa kupenda. Nilihamishwa. Kwetu ni upande wa mahindi na ukungu wa asubuhi, na mke wangu alikataa katakata kunifuata kwenye joto hili. Akabaki na shamba, mimi nikabaki na gari. Nilidhani ningekaa miaka miwili tu. Lakini mtu huzoea. Nilizoea kulala nje kwenye kitanda cha kamba, nikazoea vumbi ndani ya chai, nikazoea miiba ya miti ya mathenge inayotoboa magurudumu kila wiki mpaka nikaacha hata kulaani. Siku ya kustaafu ilipofika nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kuhama kulinishinda.

Mwaka wa 2012 habari zilienea kwamba mafuta yamepatikana upande wa Lokichar, na ghafla kila kijana kuanzia Kalemng'orok mpaka Kakuma akataka leseni. Walisikia kampuni zinatafuta madereva. Wengine walikuwa hawajawahi kushika hata baiskeli. Nilikuwa na lori dogo la buluu, mlango wake mmoja ukifungwa kwa kamba, lenye herufi nyekundu ya mwanafunzi mbele na nyuma, na breki ya pili upande wa kushoto kwa ajili ya mguu wangu. Mguu ule ulifanya kazi kuliko viungo vyangu vingine vyote.

Nilikuwa pia na ubao. Polisi wanaotahini hutaka mwanafunzi aonyeshe sheria za barabara kwenye mji uliochorwa juu ya mbao, wenye raundabauti, taa, reli na kivuko cha watoto wa shule, akisukuma gari la kuchezea kwa kidole huku akieleza. Lodwar nzima haikuwa na raundabauti wala taa, na reli ilikuwa mbali safari ya siku nzima. Nilifundisha mji ambao wanafunzi wangu hawakuwa wameuona, na wengine hawatauona. Sikucheka, kwa sababu ndivyo fomu ilivyotaka.

Kila Jumanne nilipakia ubao ndani ya lori nikaenda Kakuma, nikafundisha mpaka Alhamisi. Barabara ile wakati huo ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na vipande vya lami. Nilifika mgongo ukiniuma, nikaegesha karibu na soko la kambi, nikaweka ubao juu ya mapipa mawili, na wanafunzi wakakusanyika. Walikuwa Waturkana wa mji, Wakongo, Wasomali, na wengi zaidi walitoka Sudan Kusini.

Mmoja wao ndiye ninayemwandika. Alikuwa na umri kama wa miaka arobaini, mrefu mpaka magoti yake yalikuwa yakigusa usukani, mpole, mwenye Kiswahili cha kambini kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba. Siku ya kwanza nilimwambia apeleke gari la kuchezea kutoka stendi hadi hospitali. Aliutazama ubao kwa makini sana. Kisha akalisukuma gari moja kwa moja juu ya raundabauti, akapita katikati ya bustani iliyochorwa, akatokea upande wa pili.

"Hiyo ni raundabauti," nikamwambia. "Inazungukwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huwezi kupita juu yake."

Akainama, akaikagua kwa jicho moja. "Hapana, mwalimu. Hii unaweza. Hii iko chini tu."

Darasa zima lilicheka. Mimi nilikuwa na joto na kiu, nikamwambia arudie mara kumi.

Ndani ya lori mambo yalikuwa mabaya zaidi. Siku mbuzi alipotukatiza njia, hakukanyaga breki. Alivuta usukani kifuani kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Usukani ulilia, lori likaendelea, na mguu wangu ulipofika kwenye breki tulikuwa tumeshaingia jikoni kwa mama mmoja, birika lake la chai likiwa katikati ya magurudumu ya mbele. "Malesh, malesh," yule mwanafunzi akaomba radhi, akashuka, akalitoa birika kwa mikono yake na kumpa mwenyewe kwa heshima zote. Vioo vya pembeni hakuvitazama hata kidogo. Nilipomkemea aliniuliza ni vya nini. Nikamwambia ni vya kuona nyuma. "Nyuma ni kazi ya mtu mwingine," akasema.

Wiki ya tatu niliamua kumwambia aache. Sikuwa na nguvu tena. Tulikuwa kwenye barabara ya mchanga nje ya kambi, akiendesha polepole kama anayesubiri kitu, nami nikamwekea mkono begani ili nimwambie, pole ndugu, tusimame hapa. Mkono ulipogusa bega lake la kushoto, alikata kushoto. Alikata vizuri, taratibu, bila kuyumba. Nikauondoa mkono, akanyoosha. Nikanyoosha mkono nikagusa bega la kulia, akaenda kulia. Nikabonyeza chini ya shingo, katikati ya mgongo, na lori likasimama pale pale. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani na mguu wake ulikuwa kwenye breki, kama nilivyomfundisha siku zote bila mafanikio.

 Nilijua kuna mtu aliyemfundisha kabla yangu, na kwamba hakumfundisha ndani ya lori. Lakini Kakuma watu hawaulizani walikotoka. Kuna ofisi za kuuliza hayo, na foleni zake ni ndefu. Kuanzia siku hiyo nilimfundisha kwa bega. Wiki ya kwanza nilitumia kiganja kizima, wiki ya pili vidole viwili, wiki ya tatu kidole kimoja, nikipunguza kama mtu anayemwachisha mtoto ziwa. Na kwa kweli sijapata mwanafunzi kama yeye. Kwenye mito mikavu alisimamisha lori, akashuka, akabonyeza mchanga kwa kisigino, akaniambia gurudumu lipite wapi. Miaka yote niliyokaa Turkana sikuwa naijua ardhi kama yeye.

Mke wake alikuwa fundi wa nguo, mwenye cherehani chini ya turubai pale sokoni. Alikuja siku moja kuniona, akiwa na tepu ya kupimia shingoni.

"Mwalimu, huyu atapita mtihani?"

"Mama, siwezi kuahidi."

"Kaka yangu iko na lori huko kwetu, ng'ambo ya mpaka. Anabeba simiti, soda, vitu ya duka. Anataka dereva mwenye leseni ya Kenya. Mimi na watoto tutabaki hapa sababu ya shule. Lakini huyu mume wangu akikaa hapa bila kazi, ataisha. Unamwona? Anaisha."

Nilikuwa nimemwona. Kaka hakuwa tayari kusubiri kwa muda mrefu, na mtihani ulifanyika Lodwar, na mkimbizi hawezi kutoka Kakuma kwenda Lodwar bila kibali. Walihangaika miezi miwili kukipata. Kilipotoka kilikuwa cha siku kumi na nne, na siku ya kumi na mbili ndiyo ya mtihani. Nafasi ilikuwa hiyo moja.

Akaja Lodwar, akalala kwangu, kwenye kitanda cha kamba kando ya changu. Asubuhi alijifunza salamu za jirani zangu. "Ejok," wakamwambia, naye akawajibu "ejok" kwa sauti nzito iliyowafurahisha wanawake waliochota maji. Mchana tulizunguka mji. Kibali kilisema Lodwar tu, lakini nilikuwa nimeahidi kumchukulia mfanyabiashara mmoja samaki wakavu ziwani, nikajiambia kwamba Kalokol nayo ni Lodwar.

Tulifika ukingoni mwa ziwa, kwenye ghuba ya Ferguson's Gulf, kabla ya saa sita. Mashua zilikuwa zikileta samaki kutoka Longech, wamekaushwa wakawa wagumu kama mbao, wanafungwa kwa marobota makubwa. Nikamweleza kwamba wengi wa samaki wale hawaliwi hapa. Wanakwenda Kitale, wanakwenda mbali zaidi, na waliowavua hula unga. Nilisema tu kwa kupitisha wakati. Alitikisa kichwa, akakaa kwenye kivuli cha lori, akaanza kunieleza bila mimi kumuuliza.

"Mimi niliendesha kifaru miaka nne," alisema. "Kidogo. Nyepesi. Ilitengenezwa nchi ya mbali, na jeshi ya hiyo nchi haina hata moja. Hata moja, mwalimu. Ilitengenezwa ya kuuza tu, kama hii samaki."

Kilinunuliwa na serikali ya kaskazini wakati wa vita vile virefu, kikaletwa ndani ya tumbo la ndege, na muda si mrefu upande wao, wapiganaji wa kusini, ukakiteka kikiwa na dizeli yake. Kilikuwa na pete za chuma ubavuni za kukifungia minyororo ndani ya ndege, wao wakawa wanaanika nguo hapo. Ndani kulikuwa na bati dogo lenye picha ya ndege na maandishi ambayo hakuna aliyeyaelewa. Dereva wa kwanza alitekwa pamoja nacho. Yule mateka ndiye aliyemfundisha: hakuna usukani, kuna vyuma viwili vya kuvuta, ukivuta vyote pamoja kinasimama. Dereva anakaa chini mbele, amefungiwa kifuniko, anaona nje kupitia kioo kidogo kama kiganja. Kamanda anakaa juu nyuma yake, na kwa sababu ya kelele hawezi kumwambia kitu, humwekea mguu begani. Mguu ukibonyeza kushoto, unakwenda kushoto. Ukibonyeza mgongoni, unasimama.

"Wale walipunguza chuma ili ndege iweze kubeba," alisema. "Lakini ile chuma walitoa, ilikuwa yetu. Sisi wenye kukaa ndani."

Akaangalia mashua. Nami sikutaka aendelee, kusema kweli. Nilikuwa na mambo yangu ya kunichosha. Aliendelea.

"Siku moja mguu ukakaa hapa." Alijigusa katikati ya bega na shingo. "Ukawa mzito. Haubonyezi. Nikaenda mbele tu. Hakuna mtu alikuwa ameniambia kata, hakuna ameniambia simama. Nikaenda mpaka dizeli ikaisha. Halafu nikafungua juu, nikajua nilikuwa natembea na maiti."

Upepo ulikuwa ukileta harufu ya samaki. Akanigeukia. "Mwalimu, hii usiambie mtu. Watu wenye wanajua kuendesha hiyo kitu ni wachache sana. Wakijua huko nyumbani, kesho kukiwa na shida watanirudisha ndani. Mimi nataka gari iko na dirisha. Basi. Nikitaka kutema mate, natema nje."

Nikamwahidi. Niliahidi kwa moyo wangu wote, nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Alituendesha kurudi Lodwar bila kidole changu begani, akiwa ameteremsha kioo mpaka chini, na kila baada ya muda akatema mate nje, ingawa nadhani hakuwa na mate yoyote.

Siku ya mtihani nilisimama chini ya mti wa kituo cha polisi nikitokwa jasho kuliko yeye. Kwenye ubao alizunguka raundabauti kwa heshima, kama mtu anayepita karibu na kaburi. Kisha mtahini akapanda upande wa kushoto, mahali pangu, na lori likaondoka. Nilijua polisi yule hatamgusa bega. Walichelewa. Waliporudi, mtahini alishuka akiwa na uso wa kuchoka na jua, akaandika, akanipa karatasi. Amepita.

"Umefanyaje?" nikamuuliza tukiwa peke yetu.

Akafungua kifungo cha shati. Ndani, juu ya bega la kushoto, mke wake alikuwa ameshonea kitambaa kilichokunjwa mara nyingi, kigumu, kama mto mdogo. "Ananishika yeye," alisema, akacheka mpaka akalazimika kuketi.

Kosa langu lilikuja baada ya hapo, siku ya kumi na tatu ya kibali. Kaka wa mke wake alikuwa ameomba barua. Huko na huku ni mamoja, leseni peke yake haitoshi, lazima mtu aandike kwamba anakujua. Mwanafunzi wangu aliniomba jambo dogo: "Andika tu mimi najua gari."

Nikaenda saiba, nikakaa mbele ya kompyuta, nikaanza kuandika kwa Kiingereza. Nilipomaliza niliiona barua ni nyonge. Najua gari! Nani huajiri mtu kwa neno kama hilo? Katika wizara yetu barua ya kumsifu mtu ilikuwa na uzito, ilikuwa na miaka, ilikuwa na uzoefu. Dereva aliyewahi kusukuma gari la wagonjwa likikwama aliandikwa kuwa ana ujuzi wa huduma za dharura. Hatukuona kuwa ni uongo, tulikuwa tunasaidiana. Na huyu alikuwa na uzoefu wa kweli, usiohitaji kutiwa chumvi. Nikaongeza sentensi moja: kwamba kabla ya kuja shuleni kwangu alikuwa ameendesha kifaru chepesi cha kivita kwa miaka minne katika mazingira magumu, kwa ustadi na nidhamu.

Nilikumbuka ahadi. Nisiseme kwamba sikukumbuka. Nilijiambia kwamba barua inakwenda kwa shemeji yake, na shemeji ni mtu wa nyumbani, na kuandika si kusema. Nilikuwa nimechoka, saiba ilikuwa na joto, na sentensi ile ilinipendeza. Nikapiga muhuri mara mbili, mmoja chini ya jina langu na mwingine pembeni, kwa uzuri tu.

Nilimsomea kwa Kiswahili juujuu: huyu ni dereva mwema, ni mtu wa kuaminika, amefunzwa na mimi. Sentensi ile niliiruka. "Kwes," akasema, ni nzuri. Akaikunja ndani ya plastiki pamoja na leseni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kesho yake alirudi Kakuma ndani ya siku zake, na baada ya wiki chache akavuka mpaka.

Alinipigia simu mara moja tu, mwaka wa 2013, mvua zikiwa karibu kwisha. Laini ilikuwa mbaya, injini ikinguruma nyuma ya sauti yake.

"Mwalimu! Nimebeba soda. Unasikia chupa?"

"Nasikia."

"Kiwiko yangu iko nje ya dirisha. Imeungua na jua. Nyeusi zaidi ya ile nyingine!"

Nilicheka peke yangu barabarani kama mwendawazimu. Nilifurahi. Katika mwaka ule wa kampeni na uchaguzi na vijana waliokuja kunidai kazi za mafuta kana kwamba mimi ndiye niliyeyaficha ardhini, ile simu ndiyo iliyonifanya nione kazi yangu ina maana.

Desemba vita vikazuka kwao. Tulivisikia redioni, kisha tukaviona: watu walianza kuingia Kakuma kwa malori na kwa miguu, kina mama wenye watoto waliofunikwa vumbi mpaka kope. Siku chache kabla ya mwaka kuisha nilikuwa pale sokoni na ubao wangu, nikiwa na wanafunzi watatu tu. Mke wake akaja. Aliwaomba wale watatu watupishe, wakatupisha.

Aliweka fotokopi juu ya ubao. Kakuma hakuna karatasi inayosafiri bila kuacha fotokopi yake nyumbani. Mihuri yangu miwili ilikuwa imetoka myeusi.

"Msichana wangu iko darasa la saba, anasoma Kiingereza," alisema. "Jana amenisomea hii yote. Haya maneno ya hapa, ni wewe umeandika?"

Kidole chake kilikuwa juu ya sentensi yangu.

"Ni mimi, mama."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinieleza taratibu. Kaka yake alikuwa amefika Kakuma siku mbili zilizopita, kwa miguu. Walikuwa wawili ndani ya lori, wakikimbia, wakasimamishwa kwenye kizuizi. Askari walitaka karatasi. Mume wake akatoa plastiki, leseni na barua pamoja, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba askari hupewa karatasi zote, usimchagulie. Mmoja wao alijua Kiingereza. Aliisoma barua, akairudia, akaenda kumwita mkubwa wake. Wakamshusha. Kaka yake walimwambia aende zake. Alipogeuka aliona wakimpeleka nyuma ya majengo, kulikokuwa na vyuma vikubwa vya kivita vimefunikwa turubai.

Nilishika ukingo wa ubao. Nilitaka kumwambia kwamba nilimaanisha mema, lakini niliitazama tepu shingoni mwake nikaona haya. "Nisamehe, mama," nikasema.

"Hiyo baadaye. Sasa andika ingine. Kaka anajua mtu anarudi huko, atabeba. Andika wewe ulikosea. Andika huyo mtu hajui."

Nilitoa karatasi yenye jina la shule, nikaandika kwa mkono palepale, juu ya mji wa kuchora. Na hapa nitasema ukweli ulivyo: niliandika vizuri. Niliitaka barua ile iaminike, nikaijaza ushahidi. Nikaandika kwamba barua ya awali ilikuwa ya mtu mwingine. Nikaandika kwamba mwanafunzi huyu alipotakiwa kusimama alivuta usukani kifuani kwa mikono miwili. Nikaandika kwamba alipita juu ya raundabauti, kwamba hakutazama nyuma hata mara moja, na kwamba mpaka mwisho hakuweza kuendesha bila mtu kumgusa bega. Yote yalikuwa kweli, na nilijiona ninamwokoa.

"Nisomee," alisema. "Yote."

Safari hii nilimsomea kila sentensi. Alisikiliza akiangalia chini. Nilipofika kwenye bega aliinua mkono.

"Hiyo toa."

"Kwa nini, mama? Ni kweli."

"Ndiyo. Mtu amekaa ndani ya ile kitu, akisoma hii ya bega, atajua siku hiyo hiyo." Akafikiri. "Na ya kuvuta usukani, toa. Na ya kupita juu, toa. Na ya kutoangalia nyuma."

Nikaitazama karatasi. Hakikubaki kitu. Nilikuwa nimemkamatisha mara ya pili, kwa mkono ule ule, kwa kalamu nyingine.

"Mwalimu," alisema, bila hasira yoyote, "wewe ukiandika, unaandika yeye mwenyewe. Mimi nataka uandike mtu hayuko."

Nikaichana ile barua. Nikachukua karatasi nyingine. Nikaandika mstari mmoja, nikamsomea: mtu huyu alikuja shuleni kwangu, akashindwa mtihani, hajui kuendesha gari la aina yoyote.

"Aina yoyote?"

"Yoyote."

"Hata lori?"

"Hata lori, mama."

Alikuwa amenieleza habari za kizuizi na turubai na vyuma bila chozi. Sasa akafunika uso kwa leso, akalia kwa ajili ya lori. Nilimsubiri. Alipomaliza alijifuta, akanisogezea kidau cha wino, nami nikapiga muhuri mara moja.